Sumaku ya Redio ya Mama Mkwe

Jumanne, 1 Oktoba 1996. Mjimwema, Songea.

Leo naanza kuandika. Daftari hili ni la ghalani, enzi zangu za ukarani wa mizani, kabla hawajatupunguza kazini mimi na wenzangu thelathini. Kurasa zote zina mistari ya kuandikia magunia. Mimi nitaandikia historia. Maana historia imeanza leo, saa nne asubuhi, mbele ya kibanda cha Muhsini!

Muhsini ni mnunuzi wa mawe kutoka Tunduru. Mtu wa dini, mpole, na mzani wake ni mdogo kuliko kisahani cha chai. Siku hizi kila mtu hapa mjini ni broka wa mawe. Kinyozi broka. Mwalimu wa kwaya broka. Jirani yangu Rupert, ambaye ghalani kazi yake ilikuwa kunishikia magunia tu, naye broka, na ana miwani ya jua anayoivaa hadi kanisani. Mimi peke yangu, Fulgence Nyoni, nimebaki na akili bila jiwe.

Basi Muhsini alikuwa anawasimulia watu. Alisema kuna mteja mgeni anaulizia kioo cheusi. Si cha chupa. Kioo cha asili, kilichotokea siku jiwe kubwa la angani lilipoipiga dunia. Alisema yeye ameona mawe ya kila rangi, alhamdulillahi, lakini hilo bado. Jiwe la angani! Rupert akauliza mtu atalitambuaje. Muhsini akajibu kwamba wallahi hajui, ila kimondo, kama kile cha Mbozi, kina chuma, na chuma hushikwa na sumaku.

Sikungoja zaidi. Wenzangu wataenda kuchimba mashimo. Mimi nitakuwa mwenye sumaku!

Jumatano, 2 Oktoba.

Sumaku nimepata. Njia yake ni ndefu kidogo.

Jumapili mke wangu Kunegunda alirudi kutoka kwao Mpitimbi na redio ya mama yake. Kitufe cha sauti kimekatika. Nilipewa kazi moja tu: niipeleke kwa fundi, upesi. Mama mkwe ana kijana wake wa mwisho, Hironimus, aliyekwenda kuchimba mawe Tunduru miaka miwili iliyopita na hajaleta hata salamu. Kila jioni mama anakuwa mbele ya redio wakati wa matangazo. Matangazo ya vifo anayasikiliza amesimama. Yakiisha bila jina la Hironimus, anakaa.

Sasa, nyuma ya kila spika kuna sumaku. Hilo nalijua tangu shule. Nikawaza: kitufe kimekatika, kwa hiyo redio haisikiki. Redio isiyosikika ina haja gani na sumaku? Kunegunda alikuwa sokoni. Nikachukua bisibisi ya cherehani yake, nikafungua, nikaibandua. Ilitoka na mlio kama jino.

Nitairudisha. Ni kuazima tu.

Lakini jamani, sumaku! Niliweka msumari mezani, nikaisogeza taratibu. Msumari ukatetemeka, ukafikiri kidogo, ukaruka. Hakuna mkono, hakuna kamba, hakuna pumzi. Nina miaka arobaini na moja, na sijawahi kukaa chumba kimoja na kitu cha ajabu namna hii. Nilicheza na sindano za Kunegunda mpaka chai ikapoa.

Pamoja na redio lilikuja jiwe. Jeusi, kubwa kama yai la bata, lina vishimo vishimo, linang'aa penye ufa. Kifuniko cha betri kilipotea zamani, basi mama mkwe hukandamizia betri kwa jiwe hilo. Nililipima la kwanza kabisa. Sumaku haikujali. Nikageuza upande wa pili. Hata kuitikia! Nikalisukumia chini ya meza. Kunegunda ameliokota, anakandamizia vitambaa anapokata sare. Wengine huridhika na vitu vidogo.

Ijumaa, 4 Oktoba.

Nimekwenda Mpitimbi kwa baiskeli, na sumaku mfukoni. Kisingizio: kumjulisha mama mkwe kwamba redio iko kwa fundi.

Kumjulisha ni kazi. Kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawasemeshani uso kwa uso. Ni heshima. Nimeoa miaka kumi na tano, na sijui macho ya mama mkwe wangu yana rangi gani. Akitaka nijue jambo, anamwambia kuku, nami nasikia. Nikitaka kujibu, nauambia mlango. Kuku mwenyewe ni mweupe, mzee, na anajua siri zote za ndoa yangu.

Nikauamkia mlango shikamoo. Marahaba ikatoka jikoni, ikapitia kwa kuku. Kuku akaulizwa redio inarudi lini. Nikauambia mlango kwamba fundi anangoja kipuri. Kuku akaambiwa kwamba miaka miwili ni mingi, na jioni bila matangazo ni ndefu. Nikajisikia vibaya, nakiri. Nikatoka nje kupata hewa.

Na hapo nje! Nyuma ya nyumba, mpakani na shamba la mzee Gaspari, nikajikwaa. Jiwe jeusi. Na jingine. Na lundo zima! Yanang'aa, yana mapovu yaliyoganda, kama uji uliochemka ukafa ghafla. Nikatoa sumaku. Ilininyakua mkono! Ilinata jiweni hadi nikaivuta kwa nguvu.

Nilipiga magoti. Si utani. Nilifanya ishara ya msalaba. Hapa ndipo mbingu ilipoangukia, nikawaza, na watu wanapanda maharage juu yake bila habari. Upepo ulikuwa umetulia.

Mzee Gaspari akaja na jembe begani. Nikamwambia naomba hayo mawe, ya kujengea. Akasema nichukue yote, nitakuwa nimemsaidia. Lakini mimi ni mtu mzoefu. Mwenye mali akikupa bure, kesho ataamka. Nikamvulia koti langu la mitumba, lenye vifungo vya dhahabu, ili mkataba ushike. Mzee Gaspari alicheka mpaka akakaa chini. Akasema hajawahi kukutana na mtu mwema kama mimi.

Nilipokuwa najaza gunia, mama mkwe alitoka kumwaga maji. Akamwambia kuku kwamba dunia ina mambo: babu yake alifukuta moto pale siku tatu mchana na usiku, na leo watu wanabeba uchafu wake kwenda nao mjini. Nilisikia vizuri. Sikuelewa. Nilidhani ni habari za jivu la jikoni. Na kumwomba kuku afafanue si adabu.

Jumamosi, 5 Oktoba.

Gunia lilinishinda. Tairi la nyuma lilipasuka kabla ya Ruhuwiko, nikasukuma hadi Mjimwema, koo limekauka, bila koti, nikiimba.

Rupert alinikuta penye kona. Akavua miwani. Akauliza nimebeba nini. Nikasema mkaa. Akatazama tairi, akatazama shingo yangu. Kosa langu! Mtu aliyeshika magunia miaka tisa anajua uzito wa mkaa kwa kuangalia shingo ya mbebaji.

Kunegunda aliuliza redio iko wapi. Nikasema inangoja kipuri. Akauliza kipuri gani. Nikasema cha ndani. Akauliza koti liko wapi. Nikasema mzee Gaspari alikuwa anahisi baridi. Oktoba! Akaendelea kukata kitambaa, lile jiwe la mama yake likiwa juu ya pindo.

Gunia nimelificha nyuma ya banda la kuku. Mara tatu leo nimekwenda kulitazama. Kila nikigusisha sumaku, inashika, nami nashangaa upya. Nimejaribu kufikiria urefu wa kutoka juu hadi chini. Nimeshindwa nilipofika kwenye mawingu.

Jumatatu, 7 Oktoba.

Gunia halipo!

Alama ya toroli imetoka bandani hadi barabarani, imenyooka kama reli, kuelekea sokoni. Nilikimbia na kandambili moja. Mbele ya kibanda cha Muhsini watu wamejaa. Katikati Rupert na miwani yake, gunia liko wazi, Muhsini ameshika jiwe langu anageuzageuza. Nikamsikia Rupert akitangaza kwamba ameyavumbua mwenyewe, kwa ujuzi wake!

Nilipasua kundi. Nikapaza sauti kwamba ni yangu, yote, hadi vumbi lake. Nikaeleza Mpitimbi, nikaeleza koti. Nikatoa sumaku, nikawaonyesha jinsi inavyonata. Watu wakasogea kuona. Nilijiona mrefu. Muhsini alisubiri nimalize, maana ana adabu. Kisha akamuuliza Rupert kama bado anasema ni yake. Rupert alikuwa ameshausoma uso wa Muhsini. Akasema hapana, ni ya Bwana Fulgence, yeye amemsaidia kubeba tu.

Hapo Muhsini akaniambia taratibu, kama anayenipa pole ya msiba: "Bwana Fulgence, subhanallah, haya ni mavi ya chuma."

Uchafu! Takataka iliyobaki wafua majembe wa zamani walipoyeyusha mawe wakatoa chuma. Sumaku inashika kwa sababu chuma hakikutoka chote. Mwalimu wa kwaya alicheka kwa besi. Kinyozi alicheka mpaka akasahau mteja mwenye povu kichwani. Muhsini peke yake hakucheka. Alisema kukosea ni kwa binadamu, nivute subira.

Nimerudi na toroli la Rupert. Sikumrudishia.

Lakini niandike na hili, maana halinitoki. Nimekaa bandani nikashika kipande kimoja. Babu yake mama mkwe alichukua jiwe na mkaa na mifuko ya ngozi ya mbuzi, akafukuta siku tatu, jiwe likatiririka kama asali. Kwa pumzi! Mimi baiskeli yenyewe inanishinda kujaza upepo. Nimeweka kipande kimoja dirishani. Kingine nimekitupa kwenye bati la Rupert.

Jumatano, 9 Oktoba.

Leo naandika polepole.

Saa tatu alikuja Sista Benigna, anayefundisha fizikia kwenye sekondari ya wasichana. Alikuja kuangalia sare anazoshona Kunegunda. Mimi nilikuwa uani, najifanya natengeneza baiskeli. Mara nikasikia kimya. Sista Benigna hanyamazi hata akimeza chai, kwa hiyo nikachungulia. Alikuwa ameshika lile jiwe la mama mkwe, ameliinua dirishani. Penye ukingo mwembamba jua lilikuwa linapenya. Rangi yake, chai ya rangi.

Akauliza limetoka wapi. Kunegunda akasema ni la mdogo wake Hironimus, alimwachia mama siku anaondoka. Sista akasema hana hakika, na mtu anayekuwa na hakika bila vipimo akimbiwe. Ila anadhani ni kioo. Kioo cha asili, kile kinachotokea jiwe la angani linapoipiga dunia.

Nilidondosha spana.

Nikaingia, nikamwambia Sista kwa heshima zote kwamba haiwezekani. Nimelipima. Pande zote mbili. Sumaku hailitaki. Sista akacheka, akasema ndivyo inavyotakiwa! Kinachonata ni kimondo chenye chuma. Kioo hiki si kimondo. Ni udongo wa hapa hapa duniani. Jiwe lilipopiga, mchanga uliyeyuka kufumba na kufumbua, ukarushwa juu, mwingine juu kuliko zinakopita ndege, ukapoa ungali hewani, ukarudi chini umekuwa kioo. Vimeokotwa Afrika Magharibi, vimeokotwa Asia. Huku kwetu hajawahi kusikia. Chuma kimo ndani, alisema, lakini kimesambaa kama chumvi kwenye mchuzi. Kipo, ila huwezi kukiokota.

Nikauliza kama basi sumaku haikioni kabisa. Akasema kama ninayo sumaku niilete. Niliileta mbio, bila kufikiri. Hilo lilikuwa kosa, lakini kosa lenyewe baadaye.

Penye ufa palikuwa na kipande kidogo kilichomeguka, kama kucha. Sista alikifunga kwa uzi wa Kunegunda, akakining'iniza kwenye msumari wa boriti. Akaning'iniza na kipande cha kioo cha dirisha. Tukafunga mlango ili upepo usiingie. Tukangoja vitulie. Nilikuwa nasikia kuku wa jirani, na pumzi zetu.

Akasogeza sumaku kwenye kioo cha dirisha. Hakikujali. Akaisogeza kwenye kipande cheusi.

Kwanza hakikusogea. Kisha kikageuka. Taratibu sana, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwa mbali na hana hakika kama ni yeye. Kikageuka, kikaja, upana wa kidole, kikabaki kimeinama pale hewani kinaielekea sumaku. Sista akaiondoa. Kikarudi. Akaileta. Kikaja. Tulirudia mara tano, nami nikaomba ya sita.

Sista akasema kuna zaidi. Vingine vya aina hii vina punje za chuma ndogo mno, ambazo macho hayazioni. Zilipopoa zilielekea kaskazini, kaskazini ya siku ile ile, na hazijageuka tena. Unaweza kukizungusha, kukisafirisha, kukikandamizia betri za redio. Ndani bado kinakumbuka dunia ilikuwa inaelekea wapi siku kilipozaliwa. Wenye vyombo wanaweza kusoma.

Mimi! Nilikuwa nimekisukumia chini ya meza.

Hapo Kunegunda akauliza sumaku ile imetoka wapi. Nikasema dukani. Akaichukua, akaigeuza. Nyuma ilikuwa na gundi na karatasi ya spika. Sista akakumbuka kwamba ana kipindi, akaaga.

Sitaandika aliyosema Kunegunda. Yalikuwa machache. La mwisho lilikuwa kwamba mama yake hana kitu kingine cha kumsikilizia mwanawe.

Jumamosi, 12 Oktoba.

Kunegunda hanisemeshi tangu Jumatano. Anaongea na cherehani. Anaiambia cherehani kwamba ugali uko mezani. Anaiambia kwamba wako watu wenye vichwa vya kuvalia kofia tu. Mimi najibu kwa mlango. Nimezoea, ila nyumba nzima sasa inafanana na Mpitimbi.

Redio iko kwa fundi tangu juzi. Kitufe amebadilisha. Akauliza nani aliifungua hii spika, na kwa nini alitumia meno. Nikasema mwizi. Ameibandika sumaku kwa gundi, akaonya isitikiswe siku mbili.

Siku mbili hatuna! Leo sokoni Kunegunda amekutana na Halima, muuza dagaa wa Nyasa anayezunguka vijijini. Halima alikuwa Mpitimbi jana jioni, akasikia redio ya watu ikitangaza. Alikuta mwisho tu: mama fulani, wa Mpitimbi, Songea, aipate habari hii popote alipo. Habari ya heri au ya msiba? Hajui, wallahi. Betri zao zilikuwa zinakata roho. Lakini mama mkwe ameambiwa, na tangu hapo hajala.

Matangazo hurudiwa siku tatu. Jana, leo, kesho. Jioni hii Kunegunda alikwenda kusikiliza kwa Rupert, ambaye ana redio ya umeme. Umeme ukakatika dakika mbili kabla.

Imebaki kesho. Na mama mkwe ametuma neno kwamba kama ni Hironimus, atamsikia kwa redio yake mwenyewe, ile aliyokuwa anaisikiliza siku anaagana naye.

Cherehani imeambiwa kwamba redio isipofika kesho, mtu fulani asirudi. Nimesoma sentensi hiyo mara kadhaa. Mtu huyo ni mimi.

Jumapili, 13 Oktoba.

Niliibeba mgongoni kwa kanga ya Kunegunda, kama mtoto mchanga, isitikisike. Ruhuwiko walinipigia vigelegele. Kila shimo la barabara nililipita kwa miguu. Nilimwomba Mungu, nikamwomba na mtakatifu wa gundi, kama yupo. Kunegunda alitangulia kwa lori, na lile jiwe kapuni.

Tulifika wote kabla ya saa kumi na mbili. Mzee Gaspari alikuwepo, na koti langu. Linamkaa vizuri. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda, amejitanda kitenge cha kanisani, hatazami mtu. Kunegunda akaweka redio mbele yake, akapanga betri, akaweka jiwe jeusi juu yake. Akafungua.

Sauti ya mtu mwenye mafua. Lakini sauti! Nikamshukuru fundi.

Matangazo ya vifo yakaanza. Mama mkwe akasimama. Wa Kyela, wa Masasi, wa Mahenge. Kila jina lilipoanza kwa herufi H, nilimwona akishika ukuta. Wa saba, wa nane. Yakaisha. Hakukaa. Leo hakukaa.

Na hapo sauti ikafifia. Ikawa kama ya nyuki ndani ya chupa. Sumaku! Gundi haikushika!

Sikufikiri. Niliruka, nikapiga magoti, nikapenyeza mkono nyuma ya redio, nikaipata inateleza, nikaikandamiza kwa kidole gumba kwa nguvu zote. Sauti ikarudi. Nikilegeza, inakwenda. Nikikaza, inakuja. Basi nikabaki hivyo, nimeikumbatia redio, kidole nimekikaza. Niliihisi sauti! Kila neno la mtangazaji lilikuwa linapita mkononi mwangu kama mapigo ya moyo. Kumbe sauti ya mtu inatoka Dar es Salaam bila waya, inapita juu ya milima yote, na mwisho wake inahitaji kipande hiki cha chuma cheusi ili iwe sauti. Na mimi nilikuwa natembea nacho mfukoni.

Nilipoinua uso, mama mkwe alikuwa ameinama kusikiliza. Uso wake na wangu, shubiri moja. Miaka kumi na tano! Hakuna aliyeweza kusogea. Yeye angekosa habari, mimi ningeachia sumaku.

Na likasomwa. Mama Hironimus, wa Mpitimbi, Songea. Mwanao Hironimus anakuarifu kwamba ni mzima. Yuko Tunduru. Atafika nyumbani Alhamisi. Aipate habari hii popote alipo.

Popote alipo! Alikuwa hapa, shubiri moja. Macho yake ni ya kahawia, na yalikuwa yamejaa. Akanitazama. Hakumtafuta kuku. Akasema, "Asante, mwanangu."

Nililia. Wote tulilia, na mzee Gaspari akajifuta kwa mkono wa koti langu. Kunegunda akaniwekea mkono begani, akaniambia, mimi mwenyewe, si cherehani, kwamba sasa naweza kuachia. Kidole kilikuwa kimekufa ganzi. Nilitaka niseme ukweli wote hapo hapo. Nilifungua kinywa.

Lakini mama mkwe alikuwa ameshageuka. Akamwambia kuku, polepole, ili kila mtu asikie, kwamba amwambie yule mtu kuwa habari za sumaku zilifika Mpitimbi tangu Jumatatu, pamoja na habari za mavi ya chuma.

Alhamisi, 17 Oktoba. Mpitimbi.

Hironimus amekuja! Amekonda, ana ndevu, ana meno yote. Jiwe la maana hakulipata hata moja. Mama yake amemshika mkono tangu asubuhi, hata wakati wa kula. Kunegunda anacheka ovyo. Hata mimi nimepewa firigisi, ambayo kwa mkwe si jambo dogo.

Nilimuuliza jiwe jeusi alilitoa wapi. Akasema alipewa na mchimbaji mwenzake, naye alipewa na mwingine, na huyo alikwenda zake. Hajui kabisa. Alimwachia mama kwa sababu lilikuwa zuri tu. Sista Benigna amepewa kile kipande cha kucha akipeleke chuo kikuu kikapimwe. Jiwe lenyewe mama mkwe amekataa. Limerudi juu ya betri, kwenye redio yake yenye mafua. Nimelitazama muda mrefu. Lilikuwa mchanga, likapaa, likarudi, na limetulia pale, linakumbuka kaskazini yake. Sijui niandike nini kuhusu jambo hilo. Nimevua kofia.

Nimejifunza mengi. Sitagusa tena redio ya mama mkwe. Nimeapa mbele ya mke wangu, na mbele ya mlango.

Sasa, Hironimus amekuja na redio yake mwenyewe. Mpya, ya kaseti, kubwa kama sanduku la mwanafunzi wa bweni. Ina spika mbili. Mbili! Nimesogeza sikio kwenye ya kushoto, kisha ya kulia. Zinasema maneno yale yale, mtu angeweza kubaki na moja asigundue. Na nikikumbuka vizuri, Sista alisema kioo kilivutwa kidogo. Kidogo, kwa sumaku ya redio ndogo! Mwenye sumaku kubwa angeweza kupita mashamba yote ya Songea akiviokota kama mahindi. Rupert hana wazo hili.

Wote wamekwenda kanisani kushukuru. Nimesema naumwa kichwa. Bisibisi ya Kunegunda ilikuwa kwenye soksi yangu, sijui ilifikaje.

Ni kuazima tu. Hakuna mtu anayeniona. Ni kuku peke yake.